Umoja Hauhubiriwi: Maigizo Yanayowaunganisha Watoto Wadogo Darasani

Mtoto wa miaka 5 anaweza kukuimbia "umoja ni nguvu" mwanzo hadi mwisho, na kabla hajaketi akamsukuma mwenzake ili apate nafasi karibu na dirisha. Si mkaidi. Maneno yale kwake ni wimbo tu. Bado hayajamfaa kwa jambo lolote. Nimefundisha watoto wadogo kwa muda mrefu, na jambo ninalolishikilia ni hili: watoto hawaujui umoja kwa kuambiwa. Wanaujua pale wanapopewa kazi isiyowezekana bila mwenzao. Na igizo ndilo linalokupa kazi za namna hiyo kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote, maana halidai vifaa wala maleba. Linadai watoto wenyewe.

Ninaposema igizo simaanishi lile la sherehe ya shule, ambalo watoto watatu hodari hukariri maneno na waliobaki hubandikwa majani wasimame kama miti. Igizo la namna hiyo hufundisha kwamba darasani kuna wenye maana na wasio na maana, na watoto hulielewa somo hilo vizuri sana. Ninamaanisha kuigiza kwa ajili yao wenyewe, bila watazamaji, dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa juma. Kwa watoto wa miaka 4, dakika 10 zinatosha.

Kwanza wajue kuganda

Kabla ya mchezo wowote, wafundishe ishara ya kusimama. Mimi huinua mkono na kusema "Ganda!" Wao wanaganda walivyo: mguu juu, mdomo wazi, vyovyote. Liwe jambo la kufurahisha: watembee ovyo, wagande, watembee kama wamebeba mtungi kichwani, wagande, watembee kama wenye mwiba mguuni, wagande. Rudieni siku kadhaa mpaka wote wagande kwa pamoja. Mwalimu asiye na ishara ya kusimamisha huishia kupaza sauti, na mwalimu akishapaza sauti, mwitu wa kuigiza mliokuwa mmeujenga unageuka kuwa darasa tena.

Utagundua pia kwamba kuganda kwa pamoja tayari ni umoja. Darasa zima kunyamaza kwa mara moja ni jambo ambalo hakuna mtoto anayeweza kulifanya peke yake, na wao huliona. Mara nyingi hucheka kwa furaha baada ya kimya kile. Waache wacheke.

Madawati yasogezwe ukutani. Yasiposogezeka, kila mtoto asimame kando ya dawati lake. Michezo mingi inawezekana hapo hapo. Darasa likiwa kubwa, ligawe nusu kwa nusu, lakini nusu isiyoigiza isikae bure. Wao ndio sauti: upepo, mvua, mto, nyayo za mnyama anayekuja. Mtoto anayetazama tu kwa dakika kumi atatafuta kazi yake mwenyewe, na hutaipenda.

Kufungua, mimi huita "Paukwa!" nao huitikia "Pakawa!" Sianzi mpaka sauti zote ziwemo. Asiyeitika simtaji jina. Naita tena tu, kwa sauti ya chini zaidi, mpaka aingie.

Michezo mifupi ya kuzoeana

Anza na kioo. Watoto wawili wanatazamana. Mmoja anajitazama, wa pili ni kioo chake. Viola Spolin, aliyebuni michezo mingi ya maigizo alipofanya kazi na watoto na wahamiaji mjini Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930, aliupenda mchezo huu na akausogeza mbele zaidi, hadi pasiwepo anayeongoza bali kila mmoja amfuate mwenzake. Watoto wadogo hawafiki huko haraka. Tatizo lao la kwanza ni kwamba anayeongoza hukimbiza mikono ili mwenzake akosee. Hapo usimkemee. Badilisha shabaha tu. Waambie: "Nitapita kati yenu, na nikishindwa kujua nani kioo, nyinyi wawili mmeshinda." Ghafla anayeongoza anapunguza mwendo na kuanza kumtazama mwenzake usoni, kwa sababu sasa akimwacha nyuma wameshindwa wote wawili. Kugeuza shabaha namna hii ndiyo kazi kubwa ya mwalimu katika michezo yote ninayoieleza hapa.

Baada ya kioo, mimi hupenda mchezo wa gogo, na ndio ningekushauri ukae nao muda mrefu. Watoto sita au wanane wanasimama mstari mmoja, wanainama, na kulinyanyua gogo refu lisiloonekana. Wanalibeba kutoka mlangoni hadi ubaoni na kulitua bila kumponda mtu vidole. Masharti ni mawili: gogo halipindi, na halivunjiki. Mtoto mmoja akiinua mikono juu ya wenzake, gogo limevunjika. Akiwahi kuliachia, limemwangukia jirani.

Mara ya kwanza utaona kila mtoto amebeba gogo lake. Huyu mikono iko kifuani, yule iko magotini, wa mbele kabisa keshafika ubaoni na anapunga mikono. Mwambie atakayeutazama mstari kutoka ubavuni aseme anachokiona. "Gogo limepinda kama nyoka." Watarudia. Na hapa ndipo jambo zuri linapotokea: mfupi hawezi kunyanyua mikono mpaka begani mwa mrefu, kwa hiyo lazima mrefu ashuke. Huhitaji kusema chochote. Simama ungoje. Niliwahi kumtazama msichana mrefu kuliko wote darasani akigeuza shingo, akaona mikono ya mwenzake wa nyuma ilivyo chini, akakunja magoti, na akatembea hivyo hivyo amekunja magoti hadi ubaoni huku uso umemkaza kwa uzito wa kitu ambacho hakipo. Hakuna aliyemwambia. Siku hiyo sikuongeza mchezo mwingine.

Mashine ni rahisi: mtoto mmoja anaingia katikati na tendo moja na sauti moja anazozirudia, mwingine anajiunga kwa kugusa au kujibu tendo la kwanza, mpaka mashine ijae. Kisha mguse mmoja begani atoke, yeyote yule, na mashine nzima inakwama. Wanafurahi sana kukwama. Hakikisha kwa zamu kila mtoto amepata kuwa yule ambaye mashine haiwezi kwenda bila yeye, hasa wale wasioitwa kwenye michezo ya uwanjani.

Kwa watoto wapendao kutawala, tumia joka. Watoto watano wanajipanga mstari, kila mmoja kaweka mikono mabegani mwa aliye mbele. Wote wamefumba macho isipokuwa wa mwisho, ambaye ndiye macho ya joka. Akibonyeza bega la kulia, ujumbe unapokezwa bega kwa bega hadi mbele na joka linakata kulia; kushoto vivyo hivyo; akibonyeza yote mawili, linasimama. Mweke mtoto mwenye sauti kubwa awe kichwa, na mkimya kuliko wote awe mkia. Mwendo uwe wa polepole, na njia isiwe na kitu cha kujikwaa.

Mwalimu naye aingie igizoni

Michezo mifupi ikishakolea, ingia kwenye kisa. Na ingia nao. Dorothy Heathcote, Mwingereza aliyefundisha walimu kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Newcastle, alijulikana kwa mbinu hii: mwalimu anachukua uhusika na kuzungumza na watoto akiwa ndani ya kisa, badala ya kusimama pembeni akitoa amri. Nyongeza yangu kwa watoto wadogo ni moja. Chagua uhusika wa chini, mtu au mnyama anayehitaji msaada. Ukiwa mfalme, watakutii tu, na kutii si kushirikiana. Ukiwa mnyonge, itawabidi wajadiliane.

Kisa ninachokitumia sana ni hiki. Watoto ni wanyama wa mwituni. Kila mmoja anachagua mnyama wake, na wakiwa tembo saba hakuna ubaya. Nawasimulia kwamba usiku mvua kubwa imenyesha, mto umefurika, na daraja limekwenda na maji. Nusu ya darasa ndio mto: wamesimama mistari miwili kati yetu, wanatikisa mikono na kunguruma. Kisha najitanda kitambaa begani na kuwaambia: "Nikiwa na kitambaa hiki, mimi ni Mzee Kobe. Nikikivua, ni mwalimu wenu." Hili liseme waziwazi kila mara, mtoto wa miaka 4 anahitaji kujua mlango wa kutokea uko wapi, na akiogopa, kivue mara moja.

Mzee Kobe yuko ng'ambo. Hajui kuogelea na kwake ni upande wa pili. Anawaita wanyama: "Jamani, nivuke wapi?"

Watapiga kelele wote kwa wakati mmoja. "Panda mgongoni kwangu!" "Subiri jua!" "Tupa kamba!" Nawe, Mzee Kobe, unawajibu: "Wajukuu zangu, mto unanguruma. Nasikia kelele, sisikii neno." Wataongeza sauti. Jibu vivyo hivyo, kwa upole, bila kuwatajia suluhisho. Tazama jinsi wanavyotazamana. Atatokea mmoja atakayesema, "Tuseme pamoja." Haya, lakini tuseme nini? Hapo hawana budi kukubaliana neno moja kabla ya kulitamka, na hiyo ndiyo sehemu yote niliyoitafuta. Watasogeleana, vichwa vitagusana, wengine watabisha. Usiharakishe. Mto uendelee kunguruma, ila kwa chini. Mara nyingi anayetoa "moja, mbili, tatu" si yule mwenye kauli kila siku, kwa kuwa wenye kauli bado wanabishana juu ya kamba.

Wakilitamka neno kwa pamoja, Kobe anasikia mara moja na kulifuata vilevile walivyosema. Wakisema "kamba", iwe kamba, na lazima wote waivute. Wakisema "tembo", basi tembo saba wajipange migongo. Hata wazo likiwa la ajabu, lipe nafasi. Wakijua kwamba walichokubaliana ndicho kinachotendeka, kesho watakubaliana haraka zaidi. Kobe akishavuka, wabadilishane: waliokuwa mto wawe wanyama, na matatizo yabadilike. Moto, giza, au ndege aliyesahau wimbo wake.

Kuna watoto ambao lugha ya darasani bado inawapiga chenga. Kwao, sema kwamba mto umezidi kunguruma na hata kauli ya pamoja haisikiki. Sasa Kobe anaona ishara tu. Wote wako sawa. Pengine asiyezungumza ndiye atakayeonesha ishara iliyo wazi kuliko zote.

Kutengana na kutaniana: tahadhari

Utataka kuzungumzia yanayowatenga watoto wako hasa: anayechekwa, asiyechaguliwa, aliyehamia muhula huu. Maigizo yanafaa kwa hilo, lakini hapa ndipo yanapoweza kuumiza, kwa hiyo nitakuwa mkali kidogo.

Usiigize ugomvi wa kweli wa jana. Usimpe mtoto anayetengwa uhusika wa anayetengwa, hata akiuomba. Usiwape wanaomtenga uhusika wa wabaya. Darasa zima litajua ni nani anayesemwa, na mtoto atakwenda nyumbani na jeraha lililotazamwa na kila mtu. Kihamishie kisa kwa wanyama, na uhusika wa anayetengwa ubebe wewe mwalimu, au ubebwe na kikaragosi cha soksi.

Mbinu ninayoiamini hapa ni picha tuli. Mbrazili Augusto Boal (1931–2009) aliitumia na watu wazima walioonewa, ili waioneshe hali yao kwa miili kabla ya kuitafutia maneno. Kwa watoto, irahisishe. Wanyama wanne wamegandishwa wakicheza duara. Kikaragosi kimekaa mbali, uso ukutani. Hakuna anayesema. Waulize wanaotazama: "Mnaona nini?" Wape muda waeleze: huyu amempa mgongo, yule anacheka, huyu wa pembeni anatazama lakini haondoki. Halafu sema: "Nani atabadilisha kitu kimoja tu?" Mtoto anakuja, anaugeuza mkono wa mnyama mmoja uelekee nje ya duara, anarudi kukaa. Mwingine anakuja, anamgeuza kikaragosi. Mwingine anaipanua duara kidogo. Kitu kimoja kwa mtoto mmoja.

Nguvu yake iko katika udogo wa mabadiliko. Mtoto aliyefundishwa kwamba lazima "ampende kila mtu" hajui aanzie wapi. Mtoto aliyegeuza mkono mmoja wa sanamu kwa vidole vyake anajua la kufanya wakati wa mapumziko.

Asiyetaka kuigiza asilazimishwe. Mpe kazi ya kweli ndani ya kisa: ngoma ya mvua, au taa ya kuzimwa usiku unapoingia. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kukimbia asipewe uhusika wa kukaa tu. Badilisha mwitu wenyewe. Kama joka linakwenda kwa mwendo wake, basi huo ndio mwendo wa majoka. Na mhusika anayegombaniwa na wote, mara nyingi simba, mpe watoto watatu kwa pamoja: mmoja sauti, mmoja makucha, mmoja mkia. Simba wa namna hiyo hawezi kukamata chochote mpaka wapatane.

Hadithi zao wenyewe

Baada ya majuma kadhaa, acha kutunga wewe. Vivian Paley, mwalimu wa chekechea aliyefundisha miaka mingi mjini Chicago, alikuwa akiandika hadithi watoto walizomsimulia, neno kwa neno, kisha darasa likaziigiza siku hiyo hiyo. Mwaka 1992 alichapisha kitabu juu ya kanuni aliyoiweka darasani kwake: mtoto haruhusiwi kumwambia mwenzake kwamba hawezi kucheza.

Fanya hivyo hivyo. Kaa na mtoto mmoja, andika anachosema bila kukisahihisha. "Kulikuwa na paka. Akaanguka. Mama yake akaja. Basi." Inatosha kabisa. Watoto wakae duara; soma polepole, na kila anapotajwa mhusika, anayefuata kwenye duara ndiye anayeingia. Anayesimulia hachagui marafiki zake. Anayefuata hachagui uhusika. Siku za kwanza watalalamika: "Mimi sitaki kuwa paka, ni mvulana." Jibu langu ni lile lile kila siku: paka amefika kwako, mwenye hadithi anakusubiri. Na ni kweli, mwenye hadithi amesimama pale, macho kodo, akisubiri paka wake aanguke. Ni vigumu mno kwa mtoto kumkatalia. Duara ikishazunguka mara kadhaa, kila mtoto amekuwa mama wa fulani, adui wa fulani, mbuzi wa fulani, na wale waliokuwa hawasemezani wamekwisha kubebana migongoni.

Mkimaliza

Usiulize "Tumejifunza nini?" Watakujibu "umoja ni nguvu" na utakuwa umerudi mwanzo. Uliza jambo lililotokea. Gogo lilipokuwa likipinda, nani alilinyoosha? Mkono wa nani uliuona kwanza? Ulipokuwa mto, ulimsikia nani? Watataja majina, na kutajwa jina na mwenzako mbele ya darasa kwa jambo uliloliweza ni zawadi kubwa kuliko nyota ya karatasi. Dakika mbili tatu zinatosha, kisha waende zao.

Kwa mpangilio: juma la kwanza kuganda na kioo tu, la pili gogo na joka, Mzee Kobe asije kabla ya juma la tatu, picha tuli baada ya hapo, na hadithi zao mwisho. Ukiona gogo bado linavunjika juma la tatu, mwache Kobe asubiri ng'ambo. Na mkuu wa shule akitaka muwaoneshe wazazi kitu, msikariri chochote. Chukueni hadithi ya mtoto mmoja iliyoandikwa asubuhi hiyo, muiigize kwa zamu ya duara kama kawaida, na wazazi wapeni kazi ya kuwa mto.